Kasoro Tisa za Nyangi

Sehemu ya Saba

Kama wiki iliyopita hukununua gazeti, kosa ni lako, ila nitakuhurumia kidogo.

Nyangi Mugeta ni afisa uvuvi wa Kiriba. Amepanga chumba Nyasho, ana miaka thelathini na minne, hana mume, na anataka kwenda kusoma shahada ya pili ya mambo ya samaki kwenye chuo kimoja cha Ulaya, huko kwenye baridi. Chuo kinalipa kila kitu: ada, nyumba, chakula, hadi nauli ya ndege. Sharti ni kwamba siku unapoomba uwe hujatimiza miaka thelathini na mitano. Nyangi anatimiza mwezi wa Aprili. Sasa hivi ni Januari. Asipopata safari hii ndiyo basi tena, ataendelea kukagua matundu ya nyavu za watu mpaka aote mvi.

Halafu kuna barua. Wenyewe wanataka barua ya nia. Unaeleza wewe ni nani, unataka kusoma nini, na kwa nini wakuchukue wewe wawaache wenzako mia tatu. Nyangi alishaandika nane. Ya kwanza aliinakili mtandaoni bila kuisoma vizuri, ikatoka kwamba alizaliwa Manila. Ya nne mwalimu mmoja wa Kiingereza aliirudisha ina wino mwekundu kuliko mweusi. Ya nane ilifungiwa maandazi. Hayo tumeshayacheka, tusirudie.

Ya tisa aliipeleka Bunda kwa baba yake mdogo, Mzee Baltazari, kuomba baraka. Baraka tu, jamani! Awekewe mkono kichwani, anywe chai, ageuze. Tulipoachana, mzee alikuwa ameshavaa miwani, ameegemea kiti, anasema, "Nisomee kwanza."

Kabla sijaendelea: msomaji mmoja amenipigia simu akilalamika kwamba namwonea Nyangi. Mimi simwonei mtu. Nasimulia yaliyotokea.

Haya. Nyangi akasoma, huku anatafsiri.

"'Mimi ni kiongozi mwenye maono na ari kubwa.'"

"Nani kasema?"

"Nani kasema nini, Baba mdogo?"

"Kwamba una maono."

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Kwa mdomo wako?"

"Ndivyo wanavyotaka. Mtu ajieleze."

Mzee akapuliza chai. "Endelea."

"'Nina bidii, uadilifu, na uwezo wa pekee wa kushirikiana na watu wa aina zote.'"

"Juzi hapa umegombana na shangazi yako kwa ajili ya sufuria."

"Hilo la nyumbani, Baba mdogo."

"Kwani shangazi yako si mtu wa aina yoyote?"

Nyangi akaendelea. "'Mradi wa kufuga sato niliousimamia Kiriba ulileta mafanikio makubwa kwa akina mama.'"

Hapo mzee akavua miwani. Miwani ya Baltazari ikivuliwa, anika nguo zako ndani.

"Mafanikio?"

Nyangi akakohoa. Akaangalia sakafu.

Mliosoma sehemu ya tatu mmeshaanza kucheka. Kwa mliokosa: Nyangi aliwashawishi akina mama wa Kiriba wafuge sato kwenye vizimba, yaani mabanda ya nyavu yanayoelea ziwani. Wakafuga. Siku ya kuvuna akaalikwa mgeni wa heshima, ngoma zikapigwa, Mama Pelagia mwenyekiti akavaa kitenge kipya cha kikundi. Kufika kwenye kizimba, samaki elfu mbili, wote matumbo juu. Mgeni akauliza, wamekufa kwa nini? Watu wote wakamgeukia Nyangi. Na Nyangi, msomi wao, akasema, "Sijui."

Ndiyo hayo mafanikio makubwa.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Baltazari akasema. "Wewe umejitembeza ukurasa mzima na nusu. Tena kwa uongo."

"Kila mtu anaandikaga hivyo, Baba mdogo. Usipojisifu hawakuoni."

"Kila mtu akijisifu, wanamuonaje mmoja?"

Na mtu akikosa jibu mbele ya Baltazari ameumia, maana huyu mzee kazi yake ni maneno. Ni mshenga. Kati ya Bunda na Butiama ameshasimamia posa thelathini na nane. Unajua ndoa ikivunjika ng'ombe wa mahari hurudi walikotoka. Kwa Baltazari hajawahi kurudi hata ndama. Hilo hulisema kila mahali, misibani pia, na ukimwambia anajisifu anakujibu kwamba hizo ni takwimu.

"Hebu niambie," akasema. "Hawa watu wanakulipia nyumba?"

"Ndiyo."

"Chakula?"

"Ndiyo."

"Na nauli ya kukutoa kwetu kukupeleka kwao?"

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Mwanangu, hiyo ni mahari. Mtu anayekuja kuchukua binti wa watu, anamlaza, anamlisha, aite jina lolote kwa Kiingereza chake, amekuja kuposa. Na binti hajiozi mwenyewe kama vile hana kwao. Baba yako angekuwepo, barua hii angeandika yeye. Hayupo. Nitaandika mimi."

Nyangi akacheka. Lilikuwa kosa.

Maana Baltazari ana utaratibu wake, na utaratibu huo ndio siri ya wale ng'ombe wasiorudi. Washenga wengine hupeleka sifa za binti: mpole, mchapakazi, hajui njia ya sokoni. Baltazari hupeleka kasoro. Zote, kwa maandishi, wazee wa binti wanaweka dole gumba na bwana harusi anatia sahihi. Mficha uchi hazai, ndivyo anavyosema. Ukishaambiwa kasoro na ukakubali, kesho huna mdomo wa kumrudisha mtoto wa watu.

"Utawaandikia kasoro zangu?" Nyangi akauliza, kicheko kimekatika.

"Zote."

"Wazungu?"

"Hao ndio hasa. Wako mbali. Kukurudisha ni gharama."

Nyangi akaondoka Bunda bila baraka na bila kumaliza chai.

*

Ijumaa. Mlango wa maombi mtandaoni unafungwa saa kumi jioni. Saa nane Nyangi alikuwa Nyasho kwenye steshenari ya Prudence, kompyuta mbili, mashine moja ya fotokopi, na bango la picha za pasipoti. Vyeti vimeshapakiwa. Fomu imejazwa. Kimebaki kisanduku kimoja tu: barua ya nia, faili moja, siyo zaidi.

"Weka ya tisa, tumalize," Nyangi akasema.

Prudence akashika kipanya. Nje pikipiki ikazima.

Akaingia Mzee Baltazari. Koti jeusi linalonuka dawa ya nondo, mkoba wa ngozi kifuani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka Bunda alfajiri, amepitia Buswahili kwa wazee wa ukoo, na sasa yuko hapa.

"Shikamoo, Baba mdogo," Nyangi akasema kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa.

"Marahaba. Nimechelewa kwa ajili ya Mzee Bernado. Nimemkuta anakula, nikasubiri anawe, hakunawa."

Akatoa karatasi mbili za mistari. Mwandiko wa kalamu ya wino, umelala vizuri. Chini, madole gumba manne ya bluu. La Mzee Bernado lilikuwa na mafuta ya samaki kuzunguka.

"Soma," akasema.

"Sisomi."

"Ni kasoro zako. Una haki ya kuzipinga."

"Sisomi, Baba mdogo. Nimesoma miaka kumi na sita ili nisisomewe kasoro zangu steshenari."

"Basi itumwe hivyo hivyo. Mimi nipo, nitaangalia ikienda."

Akavuta stuli, akakaa mbele ya kompyuta, mikono magotini, kama anasubiri taarifa ya habari.

Sasa sikiliza ujanja wa Nyangi. Alimvuta Prudence nyuma ya mashine ya fotokopi, akamnong'oneza. "Ya mzee uiskani, aione kwenye kioo, afurahi. Halafu pakia ya kwangu. Hajui Kiingereza, hajui kompyuta, hatajua."

"Sawa, dada," Prudence akasema. Alisema haraka mno. Nyangi angekuwa na akili zake angeshtuka.

Karatasi zikaskaniwa. Zikatokea kwenye kioo, madole gumba makubwa kama viazi. Baltazari akaguna kwa kuridhika. Prudence akabofya hapa, akabofya pale.

"Imeenda?"

"Imeenda, mzee."

"Imevuka ziwa?"

"Na bahari pia."

Mzee akavua kofia, akaomba kimoyomoyo, akavaa. Nyangi akamnunulia soda. Alijisikia vibaya kumdanganya mtu aliyemlea, na alijisikia vizuri kwamba amefanikiwa, na yale mazuri yalikuwa mengi zaidi. Akamsindikiza hadi kwenye pikipiki, akampungia mkono.

Saa kumi na dakika tano simu yake ikalia. Imeili.

Tumepokea maombi yako. Mlango umefungwa. Huwezi kubadilisha chochote. Barua ya nia iliyopokelewa: BINTI YETU, kurasa mbili.

Nyangi akasoma mara tatu. Ile ya kwake ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na haikuitwa Binti Yetu.

"Prudence!"

Prudence alikuwa ameshajificha nyuma ya katoni za karatasi.

"Umefanya nini?"

"Dada Nyangi, nisamehe."

"Toka huko! Umetuma ipi?"

"Ya mzee."

"Kwa nini?" Nyangi alipiga kelele hadi mteja wa picha za pasipoti akafumba macho na picha ikaharibika. "Kwa nini, Prudence? Nimekukosea nini?"

Prudence akatoka taratibu, mikono kifuani.

"Mimi aliniozesha yeye," akasema. "Posa ya ishirini na sita. Mwaka wa pili mume wangu akataka kunirudisha kwetu. Eti nalalaga mchana. Akaenda Bunda kwa mzee kudai. Mzee hakubishana naye. Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akamsomea. Kasoro ya nne: analala mchana. Sahihi yako hii hapa. Uliambiwa, ukakubali. Mume wangu akarudi nyumbani kimya, akaninunulia mto."

"Prudence, hiki ni chuo!"

"Wewe huijui nguvu ya ile karatasi, dada. Mimi naijua. Nikashindwa kuifuta."

Nyangi akakaa kwenye stuli ile ile ya mzee. Miaka thelathini na minne, nafasi ya mwisho, barua tisa, na kilichofika Ulaya ni dole gumba la Mzee Bernado lenye mafuta ya samaki.

"Nipe niisome," akasema mwishowe.

*

Naiweka hapa kama ilivyo. Sehemu nyingine nimeziruka kwa heshima ya Nyangi, ingawa hakuniomba.

*Kwa Wazee wa Chuo. Salamu sana. Sisi ukoo wa Mugeta tumesikia kwamba mnamtaka binti yetu Nyangi, na kwamba mtamlipia nyumba, chakula na nauli. Tumekaa, tumeafikiana. Kabla hajavuka kizingiti chenu tunawatajia kasoro zake, ili kesho msiseme mlifichwa.*

*Ya kwanza, anabisha. Mkimwambia jambo atataka mumwonyeshe. Alianza akiwa na miaka minne na hajaacha.*

*Ya pili, ugali wake una mabonge. Msimpe zamu ya jikoni kama mnajipenda.*

*Ya tatu, anakoroma. Mpeni chumba cha mwisho.*

"Mungu wangu," Nyangi akasema.

*Ya tano, hajui kuogelea. Miaka tisa anafanya kazi ziwani, anapanda mitumbwi, anapiga kelele watu wavae maboya. Yeye mwenyewe akitumbukia anazama kama jiwe la kusagia.*

"Hujui kuogelea?" Prudence akauliza.

"Nyamaza."

*Ya nane. Mwaka jana samaki elfu mbili wa akina mama wa Kiriba walikufa mikononi mwake. Alipoulizwa mbele ya watu kwa nini, alisema hajui. Angeweza kudanganya, maana pale hapakuwa na aliyejua kuliko yeye. Mama yake, Bhoke, ametuambia alikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu akarudi Kiriba kwa wale wale akina mama, wakamzomea, akapanda mtumbwi akaanza kuchota maji kwenye chupa. Mpaka leo anachota. Chupa zimejaa chumbani kwake na hana chombo cha kuyapimia. Tunadhani hicho chombo mnacho ninyi.*

Nyangi akaacha kusoma kidogo. Hakujua kwamba mama yake alimwona zile siku mbili. Wala hakujua kwamba kuna mtu aliyeona maana kwenye zile chupa, maana yeye mwenyewe alikuwa anazificha chini ya kitanda wageni wakija.

*Ya tisa siyo yake, ni yetu. Alipomaliza shahada ya kwanza alitaka kuendelea palepale. Sisi tulimwambia angoje, wadogo zake wanne wasome kwanza kwa mshahara wake. Akangoja miaka tisa. Hakulalamika, na sisi hatukumwambia asante, maana kwetu mtoto mkubwa haambiwi asante. Ndiyo maana anafika kwenu amechelewa. Umri huo msimhesabie yeye. Tuhesabieni sisi.*

*Baltazari Mugeta, baba mdogo.*

Nyangi alilia. Alilia palepale steshenari, mbele ya mteja wa picha za pasipoti, kamasi na yote. Alilia kwa hasira maana barua ilikuwa imemvua nguo, na alilia kwa sababu hakuna hata moja kati ya barua zake tisa iliyokuwa na kweli kiasi hicho. Mafanikio makubwa! Aliona aibu ya lile neno kuliko alivyowahi kuona aibu ya wale samaki.

Halafu akakumbuka kukoroma, akaanza kulia upya.

*

Wiki tatu hakumpigia simu baba yake mdogo. Mzee naye hakupiga. Alituma ujumbe mmoja tu: *Wamejibu?* Nyangi hakujibu.

Jumatatu ya wiki ya nne wakajibu.

Kamati imesoma maombi yako. Tungependa kuzungumza nawe kwa simu ya video siku ya Alhamisi. Tunaomba pia mwandishi wa barua awepo.

Nyangi alipanda gari la Bunda siku hiyo hiyo. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi, na mengine ya kumwelekeza mzee namna ya kukaa mbele ya wasomi. Alimkuta uani. Kwenye kamba ya nguo lilikuwa linaning'inia lile koti jeusi, linadondoka maji.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba. Wamekubali kuongea."

"Umejuaje?"

"Posa ikikataliwa haichukui wiki tatu. Nimelifua koti leo asubuhi."

"Baba mdogo, ile siku nilitaka kukudanganya. Nilimwambia Prudence aitupe barua yako."

"Najua," mzee akasema. "Nilimwona anavyotetemeka. Nikamwangalia kidogo, basi."

Alhamisi saa saba mchana Prudence alifunga mlango wa steshenari na kuwafukuza wateja wote. Kompyuta ndogo ikawekwa juu ya katoni za karatasi ili wasionekane kidevu tu. Nyangi kavaa blauzi ya kuazima. Baltazari kavaa koti, tai, na kofia ambayo alikatazwa kuivaa akaivaa. Mkoba magotini.

"Baba mdogo, wewe usiseme kitu mpaka uulizwe."

"Ni posa ya thelathini na tisa hii, mama. Usinifundishe."

Wakatokea watu watatu kwenye kioo. Kijana mwenye ndevu, mwanamume mwenye tai, na katikati mama mzee mwenye mvi fupi na miwani. Nyangi akaandaa Kiingereza chake.

"Hamjambo huko?" akasema yule mama mwenye mvi. "Shikamoo, mzee."

Prudence akaangusha chupa ya maji.

"Msishangae," mama akasema. "Mimi nilikaaga Mwanza miaka minane. Nilikuwaga napima maji ya ziwa. Barua yenu nimewatafsiria wenzangu mwenyewe. Kwenye ugali tulisimama dakika tano."

"Marahaba, mama," Baltazari akasema, kama kwamba hakuna la ajabu. "Poleni na baridi."

Maswali yakaanza. Mwenye tai aliuliza mambo ya vyeti, Nyangi akajibu. Mwenye ndevu aliuliza mambo ya takwimu, Nyangi akajibu kidogo na kubabaika kidogo. Kisha mama mwenye mvi akasogea mbele.

"Ni kweli hujui kuogelea?"

"Ni kweli."

"Hata mimi sijuagi. Miaka minane ile, hakuna aliyejua." Akageuza ukurasa. "Sasa niambie. Wale samaki walikufa kwa nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Lile lile la Kiriba, la mgeni wa heshima, na ngoma zimenyamaza. Nyangi alikuwa na majibu matatu mazuri ya Kiingereza aliyoyakariri kwa ajili hii, yenye maneno marefu. Akamtazama baba yake mdogo. Mzee alikuwa anaangalia mbele tu.

"Bado sijui," akasema. "Ninahisi maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu siku upepo ulipogeuka, yakawakaba. Wazee wa kule wanasema walisikia harufu siku ile, na mimi sikuwasikiliza. Lakini sina kipimo, kwa hiyo nikisema ni hivyo nitakuwa nadanganya. Nina chupa mia moja na kumi za maji chini ya kitanda. Nataka kujua, ili akina mama wakifuga tena, nikiulizwa nisiseme sijui."

Alikuwa amesema yote kwa Kiswahili, na kila kitu alichokuwa anakitafuta kwenye barua tisa kilikuwa kimetoka kwa pumzi moja. Mama mwenye mvi akawatafsiria wenzake. Mwenye ndevu akaandika, akaandika tena.

"Asante," mama akasema. "Sisi tumemaliza. Ninyi mna swali?"

"Hatuna," Nyangi akasema haraka. "Asanteni sana, tunashukuru..."

"Lipo," akasema Baltazari.

"Baba mdogo!"

Mzee akausogeza mkono wa Nyangi pembeni kwa upole. Akafungua mkoba. Akatoa karatasi safi ya mistari na ile kalamu ya wino, akasogea hadi kofia ikajaa kwenye kioo.

"Sisi tumewatajia kasoro tisa," akasema. "Zote, hatukubakiza. Sasa na ninyi tajeni zenu."

Mama mwenye mvi hakutafsiri mara moja. Alipotafsiri, mwenye ndevu alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki, akaacha. Mwenye tai akalegeza tai. Wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe, lugha yao, haraka haraka, na mama akatikisa kichwa mara mbili, na mwenye tai akaonyesha kidole kwenye karatasi fulani mezani. Nyangi alitamani sakafu ya steshenari ipasuke. Miaka tisa ya kungoja, na inakwenda na maji kwa ajili ya utaratibu wa posa!

Mwishowe mama akawanyamazisha wenzake, akavua miwani. Prudence, aliyejua maana ya miwani kuvuliwa, akashika ukuta.

"Mzee una haki," akasema. "Ya kwanza umeshaisikia, siogelei. Ya pili, chakula chetu ni kibaya kuliko ugali wenye mabonge. Ya tatu..." Akamtazama Nyangi, na uso wake haukuwa na utani tena. "Ya tatu ni kubwa, na ilikuwa tuwaandikie kesho. Inahusu umri wa binti yenu, na namna sisi tulivyouhesabu."

Nyangi akashika mkono wa lile koti. Lilikuwa bado linanukia sabuni.

Baltazari hakutikisika. Akafungua kifuniko cha kalamu, akaiweka karatasi vizuri juu ya mkoba, akaandika namba tatu pembeni.

"Taja, mama," akasema. "Naandika."